Mlango Mmoja wa Kijani

Buhongwa, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwako Dada Kemi,

Shikamoo, Dada. Ipokee shikamoo hii ukiwa umekaa kitako, maana nakujua: barua zangu huzisomea mlangoni, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye maharage uliyoanika, kuku wasije wakakuibia. Leo kaa. Waache kuku wale.

Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha vumbi la msasa kilichokutia wasiwasi kimepungua tangu nianze kujifunga kitambaa puani. Mama anaendeleaje na goti lake? Bado anaikataa fimbo kwa kuwa eti fimbo ni ya wazee? Na ile migomba ya nyuma ya nyumba uliyosema imeanza kulala, mmeshaitegemeza? Nauliza kwa moyo wote, ila kusema kweli nauliza haraka haraka. Kuna jambo limenikaa kooni, na barua hii lazima ikufikie kabla Shemeji Evodius na Baba Mdogo hawajapanda meli kuja kuniposea. Jirani yangu, fundi cherehani anayefuata vitenge huko kwetu, ataondoka Alhamisi na ndiye atakayeibeba. Nitaandika kidogo kidogo mpaka siku hiyo.

Nianze na kazi, ndipo utaelewa balaa lilivyonipata.

Unajua miaka tisa nilipaka kuta za kiwanda kile kile kwa rangi ile ile, na nilipofika mwisho wa ukuta nilirudi kuanza mwanzo wake. Nililalamika sana, lakini nilikuwa nalala usingizi. Siku walipobandika majina ya wanaopunguzwa, langu lilikuwa kwenye ukuta nilioupaka mwenyewe wiki mbili kabla. Tangu siku ile, Dada, sijaamini kitu chochote kinachokaa mahali pamoja. Nimeshahama vyumba vinne. Nikikaa sana kwenye kiti, miguu huanza kuniwasha kama nimekanyaga upupu.

Lakini mji huu sasa una kazi kwa mtu wa rangi. Nyumba zilizokuwa za mashirika zinauzwa kwa watu, na mtu akishanunua nyumba kitu cha kwanza kumuudhi ni jiko. Zamani ukitaka rangi ulichukua iliyokuja dukani, na iliyokuja siku zote ilikuwa kijani cha ofisi. Sasa maduka yamejaa makopo ya kila namna, na wenye nyumba wamejua kuchagua. Majiko hayo yana makabati ya mbao ngumu, yaliyojengwa na watu waliokuwa hawana haraka. Kuyang'oa ni dhambi. Basi naitwa mimi: nafungua milango, naiosha mafuta na masizi, napiga msasa, naziba nyufa, napaka. Jiko la bibi linakuwa la bibi harusi.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita niliitwa Ilemela, kwa mama mmoja anayefanya biashara ya mapanki, vile vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya. Huyanunua, huyakausha, huyauza mpaka Shinyanga. Ni mama wa Kisukuma wa miaka kama hamsini na kitu, mwili wa kufanya kazi, sauti ya kuitia ng'ombe. Nilikuwa nafunga kazi kwa jirani yake, akasimama uani akaniangalia ninavyovuta brashi, kisha akasema, "Wewe fundi, ukimaliza hapo njoo kwangu." Hakuniuliza jina. Kwake jina la fundi ni Fundi.

Jiko lake lilikuwa na milango kumi na mmoja na droo nne, vyote kijani, na juu ya kijani ukungu wa mafuta ya kukaangia ambao ungeweza kuandika jina lako juu yake kwa kucha. Akaniambia, "Nataka rangi ya maziwa mgando. Si nyeupe ya hospitali. Mgando." Nikachanganya mwenyewe, kwa jicho, nyeupe na njano kidogo na kahawia kidogo zaidi ya tone, mpaka akasema hiyo hiyo, usiiguse tena.

Nikamuuliza haraka ya nini, maana alitaka kila kitu kiwe tayari baada ya wiki tatu. Akasema, "Nina wageni wa ng'ambo ya ziwa. Wahaya. Wanakuja kwa ajili ya binti yangu. Unawajua Wahaya, fundi? Ukimkaribisha Mhaya chakula, hali, anakagua. Ataigeuza sufuria aangalie masizi ya chini. Sitaki warudi kwao waseme jiko la Msukuma limechakaa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Mama, mimi mwenyewe Mhaya." Sikusema. Sababu ni kwamba asubuhi ile ile alinisikia nikisalimiana na muuza ndizi wa Ukerewe aliyepita uani. Unajua Kikerewe na Kihaya vinavyosikilizana. Akasema, "Kumbe wewe Mkerewe, ndiyo maana mpole." Nikanyamaza. Wateja wakijua fundi ni Mhaya, wanadhani ataleta bei ya juu na Kiingereza juu yake. Nimekuwa Mkerewe kwenye majiko matatu sasa na hakuna aliyedhurika.

Utaniuliza, Deo, hukushtuka uliposikia Wahaya wanakuja kwa binti? Nilishtuka kidogo. Lakini Wahaya wa kuposa Mwanza ni wengi, na mimi nilijua posa yangu itapokelewa Kisesa kwa baba yake Kabula, mfugaji. Kabula mwenyewe unamkumbuka kwenye picha niliyowatumia, yule mshonaji wa sare za shule hapa Buhongwa, mwenye mwanya. Alishaniambia mama yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na Mama Mkubwa. Mimi kichwani mwangu Mama Mkubwa alikuwa kikongwe wa Kisesa mwenye mkongojo. Sikuuliza zaidi. Nadhani nilisikia, ila sikutaka kusikia.

Basi kazi ikaanza, na ikaanza vibaya. Milango niliifungua yote nikaipa namba kwa penseli ubavuni, maana kila mlango una bawaba zake na ukikosea haufungi. Nikaipaka mkono wa kwanza nikaiegemeza uani ikauke. Mchana wake wale vijidudu wa ziwani wakainuka majini kama moshi, upepo ukawaleta. Nilipotoka milango ilikuwa na manyoya. Mwenye nyumba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nikapiga msasa upya, wadudu na rangi pamoja, na tangu hapo nikawa nalinda milango mibichi kama mtu anayelinda mpunga na ndege.

Tulizoeana. Mchana alipika ugali na samaki, akanipa sahani yangu kwenye kaunta, naye akaketi kwenye kigoda mbele yangu na yake. Alikula kilemba kikiwa kimewekwa pembeni, miguu kainyoosha, akinisimulia jinsi viwanda vinavyowazungusha wanawake wa mapanki. Sijawahi kustarehe hivyo na mtu tangu nitoke nyumbani. Na mtu akistarehe, Dada, kinywa hufunguka.

Hapa usimsomee Mama. Mwambie ukurasa huu ni habari za rangi.

Siku moja akaniuliza, "Fundi, una mke?" Nikasema nina mchumba. "Utamwoa?" Nikajibu nikiwa nachokonoa mwiba kwenye meno. "Sijui, Mama. Wazee wangu wanakuja kuposa, lakini miguu inaniwasha. Chumba changu kiko kwenye barabara ya Shinyanga. Kila asubuhi naamka nayasikiliza mabasi. Binti ni mzuri, hana kosa hata moja, na hilo ndilo linalonitisha. Nikimaliza jiko lako huenda nikapanda basi mojawapo, nikawaandikia barua nikiwa mbali."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu mwenyewe. Ulimi uliponza kichwa.

Yeye hakucheka. Alikusanya sahani, akasema, "Basi mwonee huruma mtoto wa watu. Mwambie." Kisha akaenda kugeuza mapanki yake juani.

Ijumaa, juzi tu, nilikuwa nimemaliza kabati za juu na kulainisha za chini, nimepiga magoti nachovya brashi. Mwenye nyumba alikuwa anakoroga ugali. Mlango wa mbele ukagongwa na mtu akaingia na furushi la mapazia ya jikoni. Mapazia yale nilishayaona, Dada. Niliyaona kwenye cherehani ya Kabula wiki iliyopita nikasifu maua yake.

"Shikamoo, Mama Mkubwa," akasema. Halafu akaniona pale chini. "Deo?"

"Unamjua huyu Mkerewe?" mama yule akauliza.

"Mkerewe gani? Mama, huyu ndiye yule."

Mwiko ukasimama ndani ya ugali. Unajua na sisi tunamheshimu mama mkwe, lakini Wasukuma wamezidi. Kwao mkwe na mama mkwe hawali mmoja mbele ya mwenziwe, hawaketi mkeka mmoja, wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Na aliyekulea ni mama yako, hakuna nusu yake. Mimi nilikuwa nimemwona huyu mama kichwa wazi kwa siku kumi. Nimekula ugali wake, nimefungua kila kabati lake, najua anapoficha sukari.

Alivuta kanga akafunika kichwa mpaka machoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nikatoka kwa mlango wa mbele na brashi mkononi, rangi inadondoka kwenye ukumbi wote. Kabula akabaki katikati na ugali unaungua.

Jana ndugu wa pale walileta fundi mwingine amalizie. Kabula ameniambia leo kanisani, kwa ufupi, maana alikuwa bado anasikia aibu kusimama nami hadharani. Fundi yule alikataa kutumia kopo nililoliacha, akachanganya lake, akashindwa kuipata rangi. Ya kwake ilitoka njano ya mgonjwa wa manjano, na mama akamwamuru aifute. Kwa hiyo jiko liko nusu mgando, nusu kijani, na wageni ni ninyi, maana kumbe baba yake Kabula alikubali posa ipokelewe kwa aliyemlea.

Lakini si rangi inayoninyima usingizi. Ninachojiuliza ni kama amemwambia Kabula neno langu la mabasi. Nilimtazama usoni kanisani nisione kitu. Nimetoka hapa mezani mara nne nikiandika ukurasa huu, nimekwenda mpaka barabarani nikarudi. Sijui kama niwaambie mje au msije.

Jumanne jioni

Dada, bado nipo. Sikupanda basi.

Jana Kabula alipita dirishani kwangu bila kuingia, akasema, "Mama anasema milango ya chini umeshailainisha, mimi nitaipaka mwenyewe kwa rangi uliyoiacha. Wewe uje usimame nje nyuma ya dirisha la jiko, uniambie nafanyaje. Usitazame ndani." Nikauliza kama mama yake amekasirika. Akasema, "Hajaniambia. Anapika nje kwenye mafiga, na anaongea na vyombo."

Nilidhani ni utani. Leo nimeona mwenyewe.

Nilisimama uani, mgongo kwenye ukuta, uso nimeuelekeza kwenye pipa la maji. Dirisha liko juu ya bega langu. Kabula akaanza, nami nasikiliza brashi, maana brashi inasikika ikikosewa. Nikasema, "Usiibonyeze. Ivute kufuata mbao ilivyolala. Ukifika pembeni inyanyue, usiirudishe." Akajaribu. Nikasikia inakwaruza. "Rangi imekuwa nzito, tia tapentaini kifuniko kimoja." Baada ya mlango wa tatu sauti ikawa laini, na mimi moyo ukalegea kidogo. Yule binti ana mkono, Dada. Mshonaji anajua kwenda sawa.

Kisha nikasikia miguu mingine ndani, na mfuniko umewekwa mezani.

"Sufuria," ile sauti ya kuitia ng'ombe ikasema, ila taratibu. "Unasikia? Nje kuna mtu."

Sufuria haikujibu, bila shaka.

"Sufuria, niulizie. Huyo aliye nje ni fundi au ni mkwe?"

Nilitazama pipa langu. Jasho lilikuwa linanitoka. Nikasema, "Pipa, mjibu. Sema mtu huyu kasimama nje, kwa hiyo ni mkwe. Ila brashi aliyoshika Kabula ni ya fundi."

Kabula alicheka mpaka akaangusha kitambaa. Mama yake akamwambia, "Nenda dukani kanunue mafuta ya taa."

"Yapo, Mama."

"Kanunue mengine."

Akaenda. Nilisikia geti likifungwa, na nikatamani niwe upande ule wa geti. Kwa muda mama alikuwa anasugua kitu tu. Mimi nikahesabu mishono ya bati la pipa.

"Sufuria," akasema tena, "kuna fundi mmoja, Mkerewe, alikuwa anakula hapa. Alinitolea neno lake la moyoni. Mimi nikalipokea kama mtu anavyopokea neno la mpita njia. Neno hilo nimelifunika, kama ninavyokufunika wewe. Mwanangu hakulisikia kwangu, na hatalisikia kwangu."

Nilitaka kusema asante nikakumbuka siwezi kumwambia yeye. Nikainamia pipa nikasema, "Pipa, mwambie nashukuru."

"Asishukuru bado," akasema, na safari hii alisahau kuitaja sufuria, akakohoa, akairudia. "Sufuria, mwambie: huyo Mkerewe namwelewa. Mume wangu mimi alikuwa wa kuchunga mpaka Uganda, alikuwa hakai. Lakini kila alipotaka kuondoka alinitazama akaniambia naondoka. Huyu mkwe ambaye sijamwona bado, kama naye ana neno kama la yule fundi, alipeleke mwenyewe kwa mwenye kulisikia. Alipeleke kabla ya meli. Sitaki wazee wa watu wavuke maji waje kula kwangu, wamsifu mtoto wao, na mtoto wao yuko Shinyanga anaandika barua."

Nikanyamaza. Pipa likanyamaza.

"Amesikia?" akauliza.

"Pipa, sema amesikia."

"Haya. Na sakafu ya ukumbi ina madoa ya rangi kuanzia jikoni mpaka mlango wa mbele. Hayo ni ya fundi au ya mkwe?"

"Ya mkwe, pipa. Alikuwa anakimbia."

Nilisikia anacheka kwa puani, akasema, "Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, kisha akanyamaza haraka kama mtu aliyejikwaa. Kabula aliporudi na mafuta ya taa tulikuwa kimya wote wanne, mimi, mama, pipa na sufuria.

Nimerudi Buhongwa kwa miguu nusu ya njia, kwa kuwa kukaa nisingeweza. Sasa nimeelewa kwa nini watu wa zamani waliweka mama mkwe mbali na mkwe. Si kwamba wanachukiana. Ni kwamba mama wa watu hawezi kumpa mtu binti yake huku anayajua yaliyomo kabatini mwake. Nami kwa uongo mdogo wa Ukerewe nimelifungua kabati langu lote mbele yake.

Sijamwambia Kabula. Nimeandika haya kwanza, nione kama mkono utakubali.

Jumatano, alasiri

Fundi cherehani amepita kuniuliza kama barua iko tayari. Nimemwambia kesho asubuhi.

Leo saa mbili asubuhi Kabula amekuja na pikapu inayobeba mapanki ya mama yake. Ameshuka na kopo la rangi iliyobaki na kitu kimefungwa kwenye gunia, kinanuka samaki. Alikifungua hapa chumbani. Ni mlango wa kabati, namba saba, ule wa kabati la chini karibu na sinki. Bado kijani.

"Mama anasema milango kumi imeshafungwa," akasema. "Huu ukae kwako. Uupake mwenyewe, na siku wageni watakapokuja uulete mwenyewe, uje nao mbele ya wazee wako mpaka barazani. Mimi nitaupokea nikaufunge. Asema usipokuja, kabati litakuwa wazi, na Wahaya wataona kila kitu kilichomo mpaka sukari."

"Alikuambia kwa nini?"

"Hapana. Alisema nikuulize wewe."

Alikaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, mikono magotini, akasubiri. Nje basi la Shinyanga likapita, chumba kikatetemeka kama kawaida. Nikamwambia. Sikuyapamba, Dada. Nilimwambia neno kwa neno nililomwambia mama yake nikichokonoa meno, hata lile la kuwaandikia nikiwa mbali.

Hakulia. Aliniuliza kama karani, "Basi la saa ngapi?"

"La saa moja asubuhi."

"Umewahi kwenda kituoni?"

Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mama yake. "Mara moja," nikasema. "Wiki iliyopita. Nilikuwa na begi."

"Ukarudi kwa nini?"

Ningeweza kusema jambo zuri pale. Lilikuwa mdomoni tayari. Lakini nilishachoka kuwa Mkerewe. "Nilikumbuka milango ya Ilemela iko uani na haijakauka. Nikawaza wadudu."

"Kwa hiyo hukurudi kwa ajili yangu."

"Siku ile, hapana."

Alitazama mlango muda mrefu. Alipitisha kidole kwenye ile namba saba ya penseli. Nilitaka kusimama, nilitaka kutembea, nilitaka awe ananitukana. Nilijilazimisha kukaa kitandani mpaka vidole vya miguu vikauma.

Mwishowe akasema, "Mimi mshonaji, Deo. Mtu akiniletea kitambaa ananiambia ukweli kama kimeshafuliwa au hakijafuliwa, maana kisichofuliwa kitasinyaa baadaye. Wewe leo umeniambia. Hilo moja." Akanyanyuka. "Lakini sijakujibu. Siku ile nitakuwa barazani Ilemela. Kama utakuja na mlango, utanikuta. Kama nitaupokea au sitaupokea, utaona hapo hapo." Akapanda pikapu na kuondoka katikati ya magunia, na hakugeuka.

Kwa hiyo, Dada, nakuomba wewe na Shemeji na Baba Mdogo: njooni. Siwezi kuwaahidi kwamba tutapokelewa, na naona aibu kuwavusha ziwa kwa jambo lisilo na uhakika. Lakini nikiwaambia msije nitakuwa nimeshapanda basi bila kupanda. Mwambie Baba Mdogo asiongee Kiingereza kwenye salamu, na mwambie Shemeji, kwa heshima zote, asigeuze sufuria yoyote kuangalia chini yake. Ile sufuria inanidai hisani. Kama mtaweza, leteni mkungu mmoja wa matoke ya nyumbani kwa ajili ya mama wa Ilemela, mumpe kupitia kwa mtu mwingine, mseme umetoka kwa mkwe.

Mlango nimeupaka. Mkono wa kwanza umekauka juani nyuma ya nyumba, na wa pili nimeumaliza sasa hivi, humu chumbani, umeegemea kitanda. Rangi imetosha kabisa, imebaki ya kuchovya kidole. Hapa hakuna wadudu wa ziwani, lakini kuna vumbi la barabara, kila gari likipita linaingia wingu. Nimefunga dirisha la upande wa mabasi na nimeziba chini ya mlango kwa shati langu. Joto ni kali na siwezi kutoka, kwa sababu nikifungua tu vumbi litaingia. Nimekaa hapa tangu saa tisa. Sikumbuki lini nimekaa hivi.

Msalimie Mama, sasa unaweza kumsomea yote, hata ule ukurasa wa rangi. Mwambie namtazamia anitegemeze kwa sala kama mnavyoitegemeza migomba. Msalimie Shemeji Evodius, kiongozi wa msafara, na Baba Mdogo, msemaji wetu. Wanao wote wapokee salamu za mjomba wao, na yule mdogo anayeniita "Mjomba Rangi" mwambie hakukosea. Wasalimie wanakwaya na katekista aliyetuandikia barua ya posa kwa mwandiko ule mzuri.

Ni mimi mdogo wako, Mhaya,
Deo

N.B. Hilo doa pembeni ya sahihi yangu ni alama ya kidole gumba. Ndiyo rangi yenyewe ya jiko, mpe Mama aione. Sasa hivi bado ni mbichi, kesho asubuhi fundi cherehani ataona imekauka. Likikufikia likiwa kavu, ujue na mlango umekauka, na mimi bado niko nao humu ndani.